Kasino haina haja na bahari: nini hasa kiliuangusha mradi wa Coney Island?

#1 Mlingoti
Wakuu, habari za jioni.

Wengi humu, hasa mlioko New York, mlifuatilia suala la kasino mwaka 2025. Kwa ambao hawakufuatilia: kampuni ya Thor Equities, pamoja na Saratoga Casino Holdings, Taifa la Chickasaw (wenyeji asilia wa Marekani) kutoka Oklahoma na kampuni ya Legends, walitaka kujenga kitu walichokiita The Coney. Ni mradi wa dola bilioni 3.4, katikati ya eneo la bembea la Coney Island, kusini kabisa mwa Brooklyn. Kasino, hoteli, ukumbi wa mikutano, ukumbi wa muziki. Tarehe 29 Septemba 2025 kamati ya watu sita ikapiga kura. Wanne wakakataa, wawili wakakubali. Mradi ukafia hapo.

Mimi nilifurahi, na sababu yangu nitaisema wazi ili tubishane vizuri.

Bembea ni biashara ya nje. Unalipa, unapanda, unapiga kelele, unashuka. Baada ya hapo mwenye bembea hana habari na wewe tena. Unakwenda kununua hotdogi kwa jirani yake, unatembea kwenye ile njia ya mbao ya ufukweni, unaloweka miguu baharini, unarudi. Hela yako inagawanyika kwa watu kumi. Kasino imejengwa ili usitoke. Haina dirisha, haina saa ukutani, na chakula, kitanda na mwanamuziki vyote vimo humo humo. Ukiiweka ufukweni inaipa bahari mgongo. Las Vegas iko jangwani na kasino zake zinafanya kazi vilevile. Sasa kwa nini kitu kisicho na haja na bahari kipewe kiwanja kilichobaki cha watu wa kipato cha chini kufurahia bahari kwa nauli ya treni?

Swali langu kwenu: kwa maoni yenu, nini hasa kiliuangusha ule mradi? Maana kila ninayemuuliza ana jibu lake.

#2 Dereva wa Usiku
Foleni. Basi.

Mimi ni teksi hapa Brooklyn. Jumapili ya Julai ukiingia Surf Avenue saa nane mchana, abiria anashuka anamalizia kwa miguu. Barabara kuu ya Belt Parkway ikishajaa hakuna njia ya kukwepa, upande mmoja ni bahari. Halafu wakaomba na kipande cha mtaa wa Bowery kifungwe ili jengo likae vizuri. Watu wanaoishi pale walipiga hesabu ya gari la wagonjwa litapita wapi. Hayo mengine ya mgongo wa bahari ni mashairi, kaka Mlingoti, ingawa mashairi mazuri.

#3 Tausi wa Mikindani
Dereva, foleni ipo kila mahali New York na majengo yanajengwa tu kila siku. Hapa palikuwa na kitu cha ziada: mahali penyewe.

Wonder Wheel, lile gurudumu kubwa la bembea, inazunguka tangu 1920. Ina urefu wa mita kama 46, vibanda 24, na 16 kati ya hivyo vinateleza kwenye reli zake huku gurudumu linazunguka. Cyclone, ile rolakosta ya mbao, ilifunguliwa Juni 1927. Ule mnara wa kushukia kwa miavuli, Parachute Jump, ulitoka kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York ya 1939, ukahamishiwa Coney 1941. Vyote vitatu vimeorodheshwa na jiji kuwa vitu vya kihistoria, 1988 na 1989. Kisha upande wa pili wa barabara unaweka mnara wa hoteli unaovifunika vyote visionekane toka mbali?

Na msiwasahau watu wa Coney Island USA, wale wanaoandaa gwaride la nguva, watu wakivaa kama nguva, kila Juni tangu 1983. Walipinga waziwazi. Hawa ndio walioushikilia mtaa ule miaka ambayo hakuna aliyeutaka.

#4 Karani Mstaafu
Salaam. Naona wengi wanadhani kamati ile ilikuwa ya wakazi. Haikuwa hivyo, na hapo ndipo penye jibu.

Mwaka 2013 wapiga kura wa jimbo la New York walikubali katiba ibadilishwe kuruhusu kasino saba. Nne zikaenda kaskazini mwa jimbo, tatu zikabaki kwa ajili ya jiji na maeneo yanayolizunguka. Ada ya leseni ni dola milioni 500, na hicho ni kiwango cha chini. Kila mwombaji alipaswa kwanza kupita kwenye kamati ya watu sita: mmoja wa gavana, mmoja wa meya, mmoja wa seneta wa jimbo wa eneo hilo, mmoja wa mbunge wa jimbo, mmoja wa mkuu wa wilaya ya jiji (hapa Brooklyn) na mmoja wa diwani. Lazima upate kura nne.

Tazama nani alisema nini. Wa gavana na wa meya walikubali. Wa seneta Scarcella-Spanton, mbunge Brook-Krasny, mkuu wa Brooklyn Reynoso na diwani Brannan walikataa. Yaani wale wanaokutana na wapiga kura wa Coney dukani walikataa, walio mbali walikubali. Ni siasa ya kura. Foleni na historia ni maneno waliyopewa na wapiga kura wao wayaseme.

#5 Tausi wa Mikindani
@Karani, asante kwa ufafanuzi wa kamati, ila hoja ya kuogopa kura inapwaya kwa diwani. Brannan muda wake ulikuwa unaisha mwisho wa 2025, na kwenye mchujo wa Juni wa kugombea ukaguzi mkuu wa jiji alikuwa ameshashindwa. Hakuwa na kura ya kuogopa Septemba. Na bado mtu wake alisema hapana.

#6 Karani Mstaafu
Mwanasiasa hastaafu, dada yangu. Ila nakubali mfano wako una nguvu.

#7 Kijana wa Kisauni
Nyote mnaongea mkiwa mmeshiba.

Binamu yangu anaishi Coney Island, upande wa magharibi kwenye maghorofa ya serikali. Bembea zinafunguliwa karibu na Pasaka, zikifika mwisho wa Oktoba zinafungwa. Miezi mitano vijana wanafanya nini? Mradi uliahidi kazi za mwaka mzima, zenye chama cha wafanyakazi, na mfuko wa dola milioni 200 kwa ajili ya jamii. Ukienda mikutanoni si wote waliokuwa wanapinga. Walikuwepo wakazi wa miaka mingi, weusi na Walatino, waliosimama wakasema tunataka kazi. Hao mnawaweka wapi? Au wao si urithi?

Mtu anayekuja mara moja kwa mwaka kupiga picha na gurudumu asimwamulie anayelala pale Januari.

#8 Mlezi wa Wazee
Kijana wa Kisauni amesema jambo la kweli na nisingependa lipite hivihivi.

Nimefanya kazi ya kutunza wazee majumbani pale miaka kadhaa. Januari Surf Avenue ni upepo tu. Maduka yameshusha shata, unatembea na mzee wako mkono kwa mkono hukutani na mtu. Na tangu dhoruba ya Sandy ya Oktoba 2012, maji yalipoingia mpaka ghorofa za chini, kuna watu hawakuwahi kurudi sawasawa. Kazi zinahitajika.

Lakini nimeona na upande wa pili. Mzee mmoja niliyemtunza, mjane, alikuwa na basi lake la alfajiri la kwenda Atlantic City. Lile basi linakuja mpaka mtaani, wanapewa kuponi ya kuchezea, wanarudi usiku. Alikuwa anasema anakwenda kwa sababu kuna watu wa kuongea nao. Mwisho wa mwezi nikawa nakuta friji halina kitu na dawa hazijanunuliwa. Mwanawe alikuwa mbali, mimi ndiye niliyekuwa naona. Sasa kile kilichokuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa basi, kikiwekwa mtaa wa pili na kifunguliwe usiku na mchana, yule mama angekaa nyumbani saa ngapi?

Kwa hiyo mimi kilichonifanya nipinge ni wazee. Maghorofa yale yamejaa wazee wenye pensheni. Hakuna aliyewataja hapa mpaka sasa.

#9 Mlingoti
Mama Mlezi, asante sana.

Na umeitaja Atlantic City, ambayo ndiyo ushahidi wangu mkubwa. Ilikuwa mji wa starehe ufukweni, ina njia yake ya mbao, ina gati lake la bembea. Wapiga kura wa New Jersey wakaruhusu kasino 1976, ya kwanza ikafunguliwa Mei 1978. Hoja ilikuwa hii hii: kasino itafufua mji. Miaka 36 baadaye, 2014 peke yake, kasino nne zilifunga milango. Tembea mitaa miwili nyuma ya ufukwe uone kama mji ulifufuka.

#10 Kijana wa Kisauni
@Mlingoti, umeruka sababu. Zile nne zilifunga kwa sababu kasino za Pennsylvania zilianza kufunguliwa 2006 na wateja wakabaki kwao. Biashara iliuawa na ushindani. Kabla ya hapo ililipa mishahara ya maelfu ya watu kwa miongo mitatu. Miaka thelathini ya mshahara si kitu kidogo.

#11 Mlingoti
Na New York ingekuwa na ngapi? Tatu jijini, nne kaskazini, na za New Jersey na Connecticut jirani. Huo ushindani ulioua Atlantic City unaousema ndio ungeikuta Coney siku ya kwanza. Tofauti ni kwamba kasino ikifungwa, bembea zilizoondoka hazirudi.

#12 Ngalawa
Mmekwepa jina moja tangu mwanzo. Thor.

Wakazi wa Coney wanaijua kampuni hiyo toka katikati ya miaka ya 2000. Ilinunua viwanja vingi, ikiwemo ardhi ya bustani ya bembea ya Astroland mwaka 2006. Astroland ikafungwa 2008. Mwaka 2009 jiji likanunua karibu ekari saba kutoka kwao kwa dola milioni 95.6 ili kuokoa eneo la bembea, na Luna Park mpya ikafunguliwa hapo 2010. Mwaka huohuo Thor ikabomoa jengo la Grashorn, lililokuwa kongwe kuliko yote pale. Viwanja vingine vikakaa miaka na miaka bila kitu cha maana.

Kwa hiyo mtu yuleyule akirudi na michoro ya kupendeza na ahadi ya milioni 200, unamwamini vipi? Nadhani hata angeleta shule ya watoto wangeikataa.

#13 Dereva wa Usiku
Ngalawa ukianza na ardhi huishii leo. Ila hapa nakuunga mkono.

Na kabla ya Thor kulikuwa na Fred Trump, baba yake rais. Bustani ya bembea ya Steeplechase Park ilikuwepo tangu 1897, ikafungwa 1964. Yeye akainunua 1965 ajenge maghorofa. Mwaka 1966 akafanya sherehe, wageni wakapewa matofali wavunje vioo vya lile banda kubwa la starehe. Jiji likamnyima kibali cha kubadili matumizi, na ardhi ikakaa tupu miaka mingi. Leo ni uwanja wa besiboli. Wazee wa pale bado wanaihadithia kama msiba wa jana.

#14 Binti Makunduchi
Naomba nisiharibu mazungumzo, lakini neno urithi linaniwasha kidogo. Urithi wa nani? Coney Island hiyohiyo ndiyo iliyomweka Ota Benga wa Kongo akatazamwa kama mnyama. Tusiipake mafuta.

#15 Karani Mstaafu
Binti, Ota Benga alionyeshwa St. Louis mwaka 1904, kisha 1906 kwenye bustani ya wanyama ya Bronx. Haikuwa Coney Island. Lakini hoja yako inasimama, kwa sababu Luna Park ya zamani ya Coney iliwaonyesha Waigorot wa Bontoc kutoka Ufilipino mwaka 1905, wakiwa wamejengewa kijiji cha kuigiza wazungu wawatazame kwa kiingilio. Na mapema Januari 1903 tembo aitwaye Topsy aliuawa kwa umeme palepale Luna Park, hata kabla haijafunguliwa.

#16 Binti Makunduchi
Shukrani. Basi na hilo liandikwe kwenye vibao vya historia, si magurudumu tu.

#17 Mlezi wa Wazee
Liandikwe, na zuri nalo liandikwe. Martin Couney, aliyejulikana kama daktari, alikuwa na banda la watoto njiti Coney Island, watoto ndani ya mashine za joto, watu wanalipa senti 25 kuingia kuwatazama. Hela hiyo ndiyo iliyolipa wauguzi. Wazazi hawakutozwa kitu. Hospitali nyingi za wakati ule hazikuwa na mashine hizo kabisa. Aliendelea mpaka 1943. Kuna watu walizeeka wakawa na wajukuu kwa sababu ya kiingilio cha bembea. Kila nikipita pale nawaza hilo.

#18 Tausi wa Mikindani
Sikulijua hili. Limenigusa mno.

#19 Kijana wa Kisauni
Turudi kwenye mada. Mnaosema kamari haina nafasi Coney, kamari ilikuwepo kabla ya hayo magurudumu. Palikuwa na viwanja vitatu vya mbio za farasi, Brighton Beach, Gravesend na Sheepshead Bay. Matajiri waliletwa na farasi, si na rolakosta.

#20 Karani Mstaafu
Ni kweli, vilikuwepo. Lakini endelea na hadithi mpaka mwisho. Jimbo lilibana kamari ya farasi kwa sheria ya 1908, ikakazwa 1910, na viwanja vyote vitatu vikafa. Je, Coney ilikufa? Ilipanda! Treni ya senti tano ilifika kituo cha Stillwell pale Coney mwaka 1920, njia ya mbao ikafunguliwa 1923, mgahawa wa Nathan's ulishakuwa unauza hotdogi kwa senti tano tangu 1916. Matajiri walipoondoka na farasi wao, umma ukaja kwa mamia ya maelfu kwa siku moja. Hii ndiyo enzi mnayoikumbuka nyote. Mimi hapa namwunga mkono Mlingoti: senti tano tano za watu wengi ndizo zilizoijenga Coney.

#21 Ngalawa
Swali ambalo halijajibiwa: kama ni wazee, foleni, historia, mbona Bronx na Queens walikubali?

Desemba 2025 leseni tatu zilitoka: Resorts World pale Aqueduct (Queens), Bally's pale Ferry Point (Bronx), na Metropolitan Park ya tajiri Steve Cohen pembeni ya uwanja wa besiboli wa Citi Field (Queens). Manhattan zote zilikataliwa mapema, hata ile ya Times Square iliyokuwa na kampuni ya Jay-Z.

#22 Dereva wa Usiku
Tazama viwanja vyenyewe. Aqueduct ni uwanja wa farasi uliokuwa na mashine za kamari tangu 2011. Ferry Point ni uwanja wa gofu. Pale Citi Field ni maegesho ya magari. Hakuna hata kimoja kilicho katikati ya mtaa wenye watu kila upande. Narudia: foleni.

#23 Binti Makunduchi
Mimi naona kingine. Coney ina watu duniani kote wanaoipenda, na waandishi wa habari wanakuja bila kuitwa. Bronx haina gwaride la nguva. Mtaa usiokuwa na hadithi maarufu ndio uliobebeshwa. Hilo linaniuma kuliko ushindi wa Coney unavyonifurahisha.

Na pale Bronx kuna jambo jingine. Bally's walinunua haki ya uwanja ule wa gofu kutoka Trump Organization mwaka 2023 kwa dola milioni 60, na makubaliano yalisema leseni ya kasino ikipatikana kuna milioni 115 nyingine za kuwalipa.

#24 Kijana wa Kisauni
Binti, hapo umesema. Bronx watapata kazi lakini pia watapata hayo anayoyasema mama Mlezi. Sitabishana nawe.

#25 Mvuvi wa Ziwa
Nasoma toka Mwanza. Sijawahi kuona Coney Island. Lakini mtaani kwetu dubwi, ile mashine ya kamari, lipo kila kona, na vijana wanaamka na mkeka wa kubeti, wanalala na mkeka. Mdogo wangu aliuza injini ya mtumbwi. Ilikuwa ya baba.

Kaka wa Kisauni, alikuwa na kazi. Kazi ndiyo iliyompa hela ya kupeleka kule. Ajira peke yake haizibi hilo shimo.

#26 Kijana wa Kisauni
Pole sana ndugu yangu. Kwetu pia yapo. Bado nasema aliyekataa kasino ana deni la kuwaambia vijana wa Coney watakula nini Januari.

#27 Mlingoti
Deni hilo nalikubali. Na ardhi bado iko mikononi mwa Thor, kwa hiyo swali litarudi. Mpango wa jiji wa 2009 unaruhusu hoteli na burudani za ndani za mwaka mzima katika eneo lile. Ukumbi wa muziki, mabwawa ya kuogelea ya ndani, michezo ya watoto ya majira ya baridi. Vyote vinaweza kujengwa bila meza ya kamari hata moja. Swali ni kama mwenye ardhi ana hamu navyo.

#28 Mpemba wa Lancashire
Nimechelewa, salaam nyote. Huku Uingereza mji wa Blackpool ulipita njia hii ukiwa upande wa pili: wao *waliitaka* kasino. Mnara wao ni wa 1894, bembea zao za 1896, na mji ulikuwa unadidimia. Mwaka 2007 jopo la serikali likapendekeza kasino kubwa kabisa iende Manchester. Bunge la Mabwana likaukataa mpango kwa kura chache, na serikali ya Gordon Brown ikaachana nao. Kuna watu Blackpool wanaamini waliibiwa bahati yao mpaka leo. Wengine wanasema waliokolewa. Nimekaa nao wote wawili na siwezi kuwaambia nani yuko sahihi, ila umasikini wa pale ni mzito na kukosa kasino hakukuupunguza.

#29 Tausi wa Mikindani
Asante kwa mfano huu, maana unatuzuia kujidanganya kwamba kukataa kunatosha.

#30 Fundi Mninga
Wakuu, mimi ni seremala, nimesoma uzi wote nasubiri mtu aseme: ile njia ya mbao ni mbao gani? Inakaa na chumvi miaka yote hiyo?

#31 Ngalawa
Fundi, hapo umefungua ugomvi mwingine. Ina urefu wa kilomita kama 4.3. Mbao nyingi zilikuwa ipe, mti mgumu wa Amazon. Watetezi wa misitu wakalalamika, na jiji likaanza kubadilisha vipande kwa zege na plastiki iliyosagwa upya. Wakazi wakapinga. Mwaka 2018 njia ikapewa hadhi ya kihistoria, ila waliopinga zege walisikitika kuwa hadhi hiyo haikulilazimisha jiji kubaki na mbao.

#32 Fundi Mninga
Zege ufukweni? Litapasuka, na chuma cha ndani kikishaingia chumvi kazi imekwisha. Wangetafuta mbao ngumu za kupandwa, si za kukata msitu wa asili. Mvule au mkangazi wa shamba?

#33 Mlezi wa Wazee
Fundi, mimi nasukuma viti vya magurudumu. Mbao zikilegea, misumari inachomoza na tairi linanasa. Wazee wangu walikuwa wanapenda kile kipande cha zege.

#34 Fundi Mninga
Mama, mbao ikilegea ni kosa la aliyeifunga, si la mbao. Skrubu za chuma kisichoshika kutu, na nafasi kati ya mbao na mbao isizidi milimita sita. Nitaweka mchoro kesho.